Kupunguza mwili na hedhi: njia tano, na ipi inamfaa nani

Fundi alinizungushia futikamba kifuani, kiunoni na nyongani, akaandika namba tatu kwenye daftari lake, akaniambia nirudi baada ya wiki nane kujaribu gauni la sendofu. Wiki zote nane nilikula hivi: asubuhi chai ya tangawizi isiyo na sukari, mchana mayai mawili na tango, jioni kikombe cha mtindi. Kilo tisa zilitoka na gauni likanikaa. Lakini siku zangu, ambazo tangu kidato cha pili zilikuwa hazipishani zaidi ya siku mbili, hazikuja mwezi ule, wala uliofuata, wala uliofuata tena. Shangazi aliyenisimamia mambo ya harusi akaanza kunitazama tumbo. Nilinunua kipimo cha mimba duka la dawa mara mbili, na mara zote mbili ulitoka mstari mmoja. Nywele nazo zilikuwa zinabaki kwenye kitana kila nikichana.

Hedhi ilirudi mwezi wa saba, baada ya mimi kurudi mezani. Tangu hapo, dada akiniuliza "nifunge, niache ugali, au nianze kukimbia?" namuuliza kwanza: siku zako zikoje sasa hivi? Hilo ndilo linaloamua njia, kuliko namba ya mzani.

Mwili unahesabu nini

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo kama lozi iitwayo haipothalamasi. Hiyo hutoa homoni kwa mapigo, si kwa mfululizo. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko, pigo moja hufuata jingine baada ya saa moja hadi moja na nusu hivi. Mapigo hayo ndiyo yanayoiamsha tezi ya pituitari, nayo ikaziamsha ovari. Chakula kikiwa kidogo mno, mapigo hupungua. Yai halipevuki, ukuta wa mji wa mimba haujengeki, na mwisho wa mwezi hakuna cha kutoka.

Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani Anne Loucks na mwenzake walichapisha kazi ambayo natamani kila msichana angeijua. Waliwapunguzia wanawake wenye afya chakula kwa siku tano tu, wakapima homoni zao. Nishati inayobaki mwilini baada ya kutoa ile ya mazoezi iliposhuka chini ya kalori 30 kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta, mapigo yalianza kuvurugika. Siku tano, kabla hata mzani haujasema la maana.

Tuipige hesabu hiyo kwa mtu. Chukua dada wa kilo 70, na tuseme kilo 22 ni mafuta. Zinabaki 48. Zidisha kwa 30, unapata kalori 1,440. Siku akikimbia na kuchoma kalori 300, inabidi ale 1,740 ili zile 1,440 zibaki kwa kazi za mwili. Mimi nilikuwa nakula kalori zisizofika 400. Sikuhitaji daktari kunieleza kilichotokea. Nilihitaji kupiga hesabu hii mapema. Mstari huo wa kalori 30 si ukuta, lakini. Wapo wanaokatika hedhi wakiwa juu yake na wapo wanaovumilia chini yake, na mwenye akiba kubwa ya mafuta kwa kawaida huvumilia zaidi. Uchukue kama alama ya barabarani.

Jambo hili si la wanamitindo na wanariadha peke yao. Uholanzi, katika baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani walizuia chakula kisifike miji ya magharibi. Wanawake wengi waliacha kuona siku zao, na watoto waliozaliwa miezi tisa baadaye walipungua sana. Chakula kiliporudi, uzazi ulirudi.

Upande wa pili wa mizani nao upo, na si haki kuunyamazia. Mafuta ya mwili yana uwezo wa kugeuza homoni nyingine kuwa estrojeni, homoni kuu ya kike. Uzito ukizidi sana, estrojeni hupanda bila mpangilio, insulini nayo hupanda, na ovari zinaanza kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Hedhi inakuja baada ya miezi miwili au mitatu, kisha inamwagika. Hali iitwayo hospitalini PCOS, yaani mvurugiko wa homoni unaogusa ovari, mara nyingi iko hapa. Inakadiriwa inawapata wanawake takribani 10 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Kwa mwenye PCOS na uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu kunaweza kuurudisha mzunguko. Kwa mwenye kilo 90, hizo ni kilo 4.5 hadi 9.

Kwa hiyo kupungua kulekule kunamrudishia mmoja hedhi na kumkatia mwingine.

Nitakavyopima kila njia

Nimezitazama njia zote kwa mambo yaleyale: nishati inayobaki na kasi ya kupungua, hedhi inavyoitikia, damu na mifupa, jinsi inavyokaa na sufuria ya nyumbani, na inamfaa nani. Neno moja kuhusu damu na mifupa. Madini ya chuma hupotea kila mwezi pamoja na damu, na chakula kikipungua, cha kuyarudisha hakipo. Mifupa inategemea estrojeni. Hedhi ikikatika kwa njaa, estrojeni imeshuka, na mifupa inapungua uimara kimyakimya. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema afadhali wamepumzika kununua pedi.

1. Kupunguza sahani polepole

Nishati na kasi: Unakula kila kitu ulichozoea, ila pungufu kidogo, na unashuka nusu kilo hivi kwa wiki. Pa kuanzia ni mafuta ya kupikia na sukari, kabla ya ugali. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, sawa na gramu 33 za unga wa mahindi. Mchuzi wa watu wanne uliomiminiwa mafuta bila kupimwa unaweza kubeba vijiko vinane, na hakuna mlaji atakayelalamika ukiweka vitatu. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na zaidi. Ukiviondoa hivyo viwili, huenda ugali wako usiguswe kabisa.

Hedhi: Kati ya zote tano, hii ndiyo inayoutikisa mzunguko kidogo zaidi. Siku zikichelewa kidogo mwezi wa kwanza, usishtuke.

Damu na mifupa: Dagaa, maharage, mchicha na maini vinabaki mezani, basi chuma nacho kinabaki. Ila chai ile ya kushushia chakula, ya rangi au ya maziwa, inazuia chuma kisifyonzwe. Isubirishe saa moja. Kamulia limau kwenye mboga badala yake.

Nyumbani: Hupiki sufuria mbili. Mume na watoto wanakula kilekile.

Inamfaa: Mwenye hedhi ya kawaida asiye na haraka. Haimfai mwenye tarehe ya karibu, kwa kuwa wiki nane zitampa kilo nne hivi, na ataona ni chache.

2. Kuacha wanga

Nishati na kasi: Ugali, wali, chapati, viazi na ndizi vinatoka, vinabaki kuku, samaki, mayai, parachichi, mboga za majani. Wiki ya kwanza mzani unaporomoka na moyo unafurahi, lakini sehemu kubwa ni maji. Wanga wa akiba ulioko kwenye ini na misuli unakaa pamoja na maji takribani mara tatu ya uzito wake. Ukiisha, maji yanakwenda nao.

Hedhi: Hapa wanawake wanatofautiana sana. Kwa mwenye PCOS, kushusha wanga kunashusha insulini, ovari zinapumua, na wapo wanaoona hedhi ya kwanza baada ya miezi. Kwa mwembamba mwenye mzunguko mzuri inaweza kwenda kinyume. Njia hii inaua hamu ya kula, na mtu anajikuta anakula mara moja kwa siku, kipande cha samaki na sukuma, akiamini ameshiba. Ameshiba kweli, ila kalori zake hazifiki 1,000.

Damu na mifupa: Nyama, samaki na maini ni vyanzo bora vya chuma, na hapo inazishinda nyingine. Shida ni choo kigumu kwa anayesahau mboga na maji.

Nyumbani: Bei. Kilo ya samaki si kilo ya unga. Na kwenye msiba au shughuli, kukataa wali kila mara kunachosha.

Inamfaa: Mwenye uzito uliozidi, mwenye insulini juu au PCOS. Anayetumia dawa za kisukari, hasa sindano za insulini, asianze bila daktari. Sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka.

3. Kufunga kwa saa

Nishati na kasi: Unakula ndani ya saa nane, tuseme saa sita mchana hadi saa mbili usiku, halafu saa 16 maji na chai kavu. Sisi tuliolelewa na Ramadhani tunajua jambo ambalo wauzaji wa mpango huu hawalisemi: kufunga peke yake hakukondeshi. Kuna futari ya muhogo wa nazi, tambi, kaimati na uji wa pilipili manga, na kuna watu wanaofika Idi na kilo mbili za ziada. Kinachopunguza ni jumla ya chakula, saa zinasaidia tu kukibana.

Hedhi: Kama milo miwili ya ndani ya dirisha imejaa vizuri, wengi mzunguko wao hauguswi. Tatizo ni anayefunga saa 16, kisha 18, kisha 20, na mlo wake mmoja ni saladi. Huyo hayuko tena kwenye njia ya tatu; yuko kwenye ya nne bila kujua. Dini yenyewe imemwondolea mwenye hedhi saumu akalipe baadaye, na mimi naona si vibaya anayefunga kwa ajili ya uzito naye apumzike siku za damu nyingi.

Damu na mifupa: Inategemea unachofungulia. Mlo wa kwanza uwe na dagaa au maharage, si andazi na chai.

Nyumbani: Haina gharama, hata inaokoa pesa ya kifungua kinywa. Inamtesa mama wa kuamka saa kumi na moja kupika chapati za watoto huku mwenyewe hagusi.

Inamfaa: Anayekula ovyo usiku, anayechoshwa na kuhesabu. Haimfai mwenye vidonda vya tumbo, anayenyonyesha, wala aliyewahi kuwa na historia ya kujinyima au kujitapisha.

4. Kujinyima sana kwa wiki chache

Nishati na kasi: Juisi za tango na tangawizi, supu siku saba, kalori 800 au chini. Kilo moja hadi mbili kwa wiki, nyingine ni misuli.

Hedhi: Nimeshasimulia yangu. Mwenye uzito wa kawaida akiishi hivi wiki sita hadi nane, kukatika kwa hedhi si ajabu. Kurudi kunachukua muda mrefu kuliko kupotea. Wiki kwa wengine, miezi sita na zaidi kwa wengine, hata uzito ukiwa umesharudi.

Lakini nisiionee. Uingereza kuna utafiti uitwao DiRECT, uliochapishwa 2017, ambapo watu wenye kisukari cha aina ya pili na uzito uliozidi walikula kalori kama 800 na kidogo kwa miezi mitatu hadi mitano, na baada ya mwaka karibu nusu yao sukari ilikuwa imetulia bila dawa. Hao walikuwa na wahudumu wa afya wanaowafuatilia na chakula maalumu chenye vitamini na madini yote. Juisi ya tango haina hayo.

Damu na mifupa: Mbaya kuliko zote ikifanywa kiholela.

Nyumbani: Ni rahisi kuanza, ni ngumu kumaliza, na kilo hurudi.

Inamfaa: Mtu mzima mwenye uzito mkubwa na sababu ya kitabibu, akiwa mikononi mwa daktari.

5. Mazoezi kwanza

Nishati na kasi: Chakula hakibadiliki sana, unaongeza kutembea, jogingi ya Jumamosi na kikundi, kunyanyua vyuma. Mzani unasogea polepole, ila futikamba inasogea kabla yake.

Hedhi: Mazoezi yenyewe hayakati hedhi. Inayoikata ni mazoezi mengi juu ya chakula kidogo. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitolea tamko hali hii ya nishati kupungua kwa wanamichezo, ikataja hedhi pamoja na mifupa, kinga na moyo. Dada wa kikundi cha jogingi anayekimbia kilomita 10 mara nne kwa wiki huku ameacha ugali anaiingia hali hiyohiyo bila kuwa na kocha wa kumwona.

Damu na mifupa: Kunyanyua vitu vizito kunaimarisha mifupa, na hapa njia hii haina mpinzani. Ila maumivu ya muundi yasiyoisha kwa mkimbiaji asiyeona siku zake yaweza kuwa mfupa umeanza ufa. Apumzike, aende hospitali.

Nyumbani: Inataka muda, na barabara salama ya alfajiri.

Inamfaa: Mwenye hedhi ya kawaida, na anayekaribia kukoma hedhi na kuwaza mifupa yake.

Kuhusu sindano za kupunguza uzito, sikuziweka kwenye orodha maana zinahitaji cheti cha daktari. Mawili tu. Anayetumia sindano ya tirzepatide pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango anashauriwa aongeze kondomu wiki 4 baada ya kuanza na wiki 4 kila dozi inapopandishwa, kwa kuwa dawa hiyo inapunguza nguvu ya vidonge. Anayetumia sindano ya semaglutide anashauriwa aiache angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba.

Kwa hali yako

Siku zako zinakuja vizuri na una kilo chache za kutoa: njia ya kwanza au ya tano, au zote mbili kwa pamoja, ukiangalia kalenda kila mwezi. Mzunguko ukianza kurefuka, 28, 33, 40, usingoje ukatike. Ongeza chakula wiki hiyohiyo.

Hedhi inapishana miezi, kitambi kimekaa, chunusi na ndevu zinakusumbua: kapime kwanza. Kama ni PCOS, ya pili au ya tatu inaweza kukusaidia kuliko ya kwanza. Yai hupevuka kabla ya damu kuonekana, kwa hiyo mimba inaweza kuingia kabla hujaona hedhi hata moja. Kama huitaki, jikinge tangu siku unayoanza.

Una harusi baada ya wiki nane: mwambie fundi aache nafasi kwenye mshono, anza ya kwanza leo, na ukubali kilo nne.

Unatafuta mtoto: usiingie kwenye kasi yoyote. Uzito ukiwa umezidi, punguza taratibu, kisha tulia miezi michache huku ukimeza asidi ya foliki maikrogramu 400 kila siku. Ukiwa mwembamba na hedhi haieleweki, unahitaji kuongeza, si kupunguza.

Unanyonyesha: hedhi haiwezi kuwa kipimo chako, maana imezuiwa na kunyonyesha kwenyewe, na maziwa yanataka takribani kalori 500 za ziada kwa siku. Acha soda na maandazi, mengine yasubiri.

Uko kwenye uzazi wa mpango: sindano ya miezi mitatu na kijiti vinaweza kukata au kuvuruga hedhi bila chakula kuhusika. Vidonge vinaficha, utaona damu kila mwezi hata kama ovari zimelala kwa njaa. Angalia dalili nyingine: baridi isiyo na sababu, nywele kutoka, usingizi mbovu, hamu ya tendo kupotea.

Siku zimeshakatika: pima mimba kwanza, hata kama una hakika. Ikiwa hakuna, rudisha chakula na upunguze mbio. Ikifika miezi mitatu, nenda hospitali upimwe tezi ya shingo, homoni ya prolaktini na ultrasaundi, kwa sababu si kila hedhi inayokosekana imekatwa na diet. Mweleze daktari ukweli wote wa ulichokuwa unakula. Mimi nilificha mara ya kwanza, nikapoteza wiki sita kwa vipimo ambavyo sikuvihitaji.

Na kama unayemfikiria si wewe bali binti yako: aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo, au aliyevunja kisha akakosa siku zake miezi mitatu huku anasogeza chakula pembeni ya sahani, hana njia inayomfaa kati ya hizi tano. Mifupa yake bado inajengwa. Mpeleke kwa daktari, na waombe mashangazi waache kumsifia kwamba amependeza kwa kukonda.